Duka dogo la vitabu Mkunazini, kwa jicho la mteja mwenye Kindle

Katika vichochoro vya Mkunazini, Mji Mkongwe, lipo duka la vitabu lisilozidi upana wa milango miwili, ambalo nimekuwa mteja wake kwa miaka sita. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, nasi wateja twamwita Maalim. Niseme mapema kwamba mimi pia ni mnunuzi wa vitabu vya kielektroniki, ninavyovisoma kwenye kifaa kiitwacho Kindle, yaani ni miongoni mwa wanaompunguzia riziki.

Riwaya za Kiswahili ndizo fahari ya duka hili. Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotunukiwa Nobel ya fasihi mwaka 2021, wageni huingia kuuliza vitabu vyake kwa Kiingereza, lakini mwenyeji akiuliza, Maalim humtolea kwanza tafsiri ya Kiswahili. Kabla ya kukifunga kitabu kwa gazeti huzipeperusha kurasa na kuzinusa, kwani unyevu wa bahari hauchelewi kuotesha ukungu. Niliporudisha kitabu kilichokosa kurasa 16 katikati, alinibadilishia bila ya kuniuliza risiti.

Tatizo ni vitabu vya kuagiza. Kimoja cha Kiingereza kilinichukua wiki saba, na kilipopita mikono yote hadi kushushwa kwenye boti ya Dar es Salaam, bei ilikuwa imefika maradufu ya ile ya Kindle, ambako ningekipata kabla kahawa haijapoa. Siku nilipokwenda kukichukua, aliingia kijana, akapiga picha majalada matatu kwa simu yake, akashukuru, akatoka. "Huyo keshanunua," akanambia Maalim, "ila si kwangu."

Nilimshauri naye auze vitabu vya kielektroniki, nikaja kugundua kuwa ushauri wangu ulikuwa mwepesi. Kindle, iliyoingizwa sokoni na Amazon mwaka 2007, hujazwa vitabu kutoka duka la kampuni hiyohiyo, na faili la duka jingine lililotiwa kufuli ya kidijitali halifunguki humo. Hata Marekani, ambako chama cha wauza vitabu wanaojitegemea kiliafikiana na Kobo, kampuni nyingine ya vitabu na visomeo vya kielektroniki, mwaka 2012 ili wanachama wake wapate kuuza vitabu vya aina hii, mteja mwenye Kindle alibaki nje ya mlango. Ikiwa wenye chama wamekwama hapo, mwenye rafu tisa Mkunazini atapitia wapi? Isitoshe, riwaya zinazosomwa skuli huzungushwa bure kwenye makundi ya WhatsApp, kurasa zimepigwa picha moja moja na kidole cha mpiga picha kikionekana pembeni, na mzazi aliyekwisha kuzipata hivyo haji tena dukani.

Hata hivyo, kitabu cha karatasi nikishakilipia ni changu. Mwaka 2009 Amazon ilizifuta kutoka vifaa vya wateja nakala za riwaya mbili za George Orwell, zilizokuwa zimeuzwa na mchapishaji asiye na haki nazo. Fedha zilirudishwa, lakini vitabu vilikwishaondoka. Nilichonunua kwa Maalim kimeazimwa na watu wanne na sasa kiko Chake Chake kwa shemeji yangu, na sidhani kama kitarudi.

Lawama yangu kwa duka ni kwamba nusu ya hasara linajitia lenyewe. Hakuna orodha ya vitabu vilivyopo, wala ujumbe wa simu wa kuwaarifu wateja kilichoingia wiki hii, kwa hiyo mtu wa Wete au hata wa Bububu hana njia ya kujua ila afike mwenyewe, na akifika baada ya adhuhuri huenda akakuta mlango umefungwa hadi alasiri.

Kwa riwaya za Kiswahili na hadithi za watoto bado nakwenda hapo bila kusita. Riwaya ya Kiingereza ya kusoma mara moja nainunua kwenye Kindle. Anayetaka kwenda afike kabla ya saa sita mchana, na awe na fedha taslimu, kwa sababu malipo ya simu Maalim hapokei.