Pipa la bayochari la fundi wa Changamwe: lafanya kazi, ila kifuniko sasa!

Haya wale mnaoniuliza lile pipa la kuchomea bayochari, yale makaa ya kuchanganya na udongo wa shamba, nilinunua kwa fundi wa jua kali kule Changamwe, Mombasa, habari yake ndiyo hii. Alianza na elfu nane, tukavutana mpaka sita na mia tano na chimni juu, na kwa pipa la oili la lita 200 lilishatumika mi naona si mbaya, manake zile za kuagiza nje ukiuliza bei tu mwenyewe utanyamaza.

Linavyochoma ndio limenifurahisha. Unajaza vifuu, unawasha JUU sio chini, hewa inaingia kwa matundu ya kitako, moto unashuka polepole na ile gesi inayotoka kwa vifuu inapita kwenye moto na kuungua hapo hapo, kwa hivyo moshi ni kidogo mno na huongezi kuni wala stima, ni makuti makavu ya kuwashia tu basi. Ukilinganisha na tanuri la kufukia la wachoma makaa, lile mtaa mzima hukohoa. Tena moto wa juu hauendi bure, nimemwambia fundi achomelee vyuma vitatu pale kwa chimni, sufuria ya maji yachemka wallahi, shida ni pako juu, kwa kimo changu lazima nipande tofali.

Vifuu wauza nazi wa Kongowea wanakupa kwa bei ya bure, ila maganda ya madafu wachie wenyewe, yana maji na yatakutia moshi mpaka majirani waje na maneno. Kwa mizani, kilo 100 za vifuu vikavu tarajia bayochari kama kilo 20 hadi 25 hivi. Kujua imeiva saga kipande mkononi halafu nawa kwa maji bila sabuni, mkono ukitakata iko sawa, ukibaki na mafuta mafuta bado.

Sasa kifuniko. Moto ukigeuka kutoka njano ukawa mfupi wa bluu yatakiwa uzibe haraka, lakini hiki kimepinda, hewa inapenya na asubuhi unakuta majivu matupu juu. Fundi nikimpigia ni kesho, kesho, kesho ya nani sijui. Kwa sasa nazima kwa maji, ndoo kadhaa, na huku Mtongwe maji twanunua. Na chumvi ya bahari nayo imeshaanza kazi, kitako kina kutu tayari.

Shambani usiimwage kavu jamani, inanyonya nitrojeni mboga zako zikageuka manjano, loweka na samadi ya mbuzi wiki mbili tatu kwanza. Kwa mchanga wetu huu unaopitisha maji kama chujio, mchicha umeshika unyevu vizuri, namwagilia kidogo kuliko zamani. Lakini walio kwenye ardhi ya matumbawe, ule udongo tayari una chokaa na bayochari nayo yafanya kazi kama chokaa, tieni kidogo mjaribu kitutani kimoja kwanza.

Nyota nne kwa tano. Ukienda kununua, kabla hujatoa pesa mwambie afunike mbele yako, tochi iwe inawaka ndani, ukiona mwanga pembeni hata bob usitoe.