Karatasi ya mati (isiyong'aa) au glosi (inayong'aa) kwa picha za fremu: uzoefu wangu

Naishi Tanga, karibu na bahari, na unyevunyevu wa huku ndio ulioniamulia karatasi ya kuchapia picha za ukutani. Picha ya glosi ikibanwa moja kwa moja kwenye kioo, uso wake hulainika kwa unyevu na kunata. Siku ukitaka kuitoa, rangi inabanduka na kubaki kwenye kioo. Picha nyingi za harusi za wazee wetu zimepotea hivyo, na inauma, maana negativu zake hazipo tena.

Natumia printa ya Epson L805, yenye wino wa rangi 6, na kwa fremu nimetulia na Epson Matte Paper Heavyweight, saizi ya A4. Ina gramu 167 kwa mita ya mraba. Premium Glossy ya kampuni hiyohiyo ina gramu 255. Mkononi glosi ndiyo inayoonekana ya maana, mati unaweza kuidhania karatasi ya kawaida iliyonenepa kidogo. Ila ikishaingia kwenye fremu, nani ataishika?

Nilizilinganisha kwa picha ya bibi, amekaa barazani na buibui lake. Kwenye glosi weusi wa buibui ulikolea hasa, mikunjo yote unaiona. Kwenye mati weusi ulipungua, ukawa kama kijivu cha mkaa, na mikunjo ya karibu na miguu ikapotea. Bila kioo, glosi inashinda, sibishi. Nikazitia zote kwenye fremu na kuzitundika mkabala na dirisha. Kioo kikaipa mati ule mng'aro iliyoukosa, na tofauti ya weusi ikawa ndogo mno. Glosi nayo ikawa inarudisha mwanga mara mbili, wa kioo na wake yenyewe: ukikaa kochi la pembeni unaona nondo za dirisha, uso wa bibi huuoni.

Kwenye mipangilio ya printa chagua aina ya karatasi ya mati. Ukiacha ile ya kawaida rangi zinapauka. Ikitoka, iache ikauke saa 24 kabla ya kuifunga, la sivyo unyevu wa wino unatengeneza ukungu ndani ya kioo. Mwambie fundi fremu akukatie kadibodi ya kuzunguka picha ili isiguse kioo, na iwe isiyo na asidi, kwa sababu kadibodi ya maboksi huigeuza karatasi kuwa ya manjano.

Picha yenyewe nayo itazame. A4 yenye ukali kamili inataka pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa sana. Mwombe ndugu yako akutumie kama dokumenti.

Kasoro ya mati hii ni kwamba tone moja la maji linaacha doa, na wino wa printa hizi hupauka juani, kwa hiyo usitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni. Wapo wanaosifia Hahnemühle Photo Rag, ya pamba tupu, gramu 308. Ni karatasi nzuri sana, lakini kwa wino huu unaopauka sioni sababu ya kuilipia bei yake. Za albamu bado nachapa kwenye glosi.