TAHADHARI: Anauza santuri feki za panki na graindikoo, mimi amenipiga laki mbili na nusu

Ndugu zangu mnaokusanya santuri, hasa tulioko huku Tabora na Kigoma ambako karibu kila kitu lazima utumiwe kwa basi, naomba msome hadi mwisho kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna muuzaji anajitambulisha kuwa ni mkusanyaji wa siku nyingi aliyeko Dar. Kwenye makundi ya WhatsApp anaingia kwa upole, anakuita "mkuu", na mazungumzo ya santuri anayaweza. Hauzi rumba wala taarabu. Anauza panki, graindikoo (ule muziki wa panki na metali unaopigwa kwa kasi na kelele kupita kiasi) na roki ya kelele tu, kwa sababu anajua sisi wa muziki huu ni wachache, tuna kiu, na hatuna duka la kwenda kuuliza.

Mimi niko Isevya, hapa Tabora. Santuri nimezikuta nyumbani. Baba mkubwa alikuwa na zile sahani ndogo za mizunguko 45, za Kiko Kids na za Tabora Jazz, na ndiye aliyenifundisha kuishika santuri kwa kingo bila kugusa mistari. Panki niliipata ukubwani. Graindikoo nimeingia kupitia Duma, vijana wawili wa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa na kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. Usiku niliowasikia sikulala. Sikujua kama watu wa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki wanaweza kuipiga hasira namna ile, mpaka kifua kinatetema. Kuanzia hapo nikaanza kufuata nyayo kurudi nyuma, na nyayo hizo zinakufikisha Birmingham, Uingereza, kwa bendi ya Napalm Death na albamu yao Scum ya mwaka 1987.

Hiyo ndiyo nimeitafuta miaka mitatu. Jamaa akaiweka: toleo la kwanza la Earache, kampuni iliyoitoa albamu hiyo, shilingi 250,000. Hapa naomba muwe makini. Tumezoea kuambiwa tapeli anauza bei chee. Huyu aliweka bei ya kuaminika, nikaomba punguzo akakataa, akasema kuna mtu wa Arusha anaisubiri. Kukataa kwake ndiko kulikonilainisha. Picha alituma nne, safi kabisa. Nilipoomba video akasema simu imeharibika kamera. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke, akasema ni mke wake. Nikatuma.

Na mzigo ulikuja kweli. Hiki ndicho kinachofanya asishtukiwe mapema, kwamba hapotei na hela yako. Siku ya tatu nilipigiwa simu kutoka stendi, nikaenda na baiskeli, nikarudi nao nimeukumbatia kifuani barabara nzima. Umefungwa vizuri, kadibodi nne, gundi ya karatasi kila upande.

Jalada ndilo lililonistua kwanza. Mchoro wa Scum ni kazi ya Jeff Walker wa bendi ya Carcass, na chini una vinembo vya makampuni makubwa vilivyochorwa kwa mistari midogo sana. Kwangu vinembo vilikuwa ukungu mtupu. Nikapitisha kidole chenye unyevu, weusi ukabaki kidoleni. Ni printa ya rangi, karatasi imebandikwa juu ya jalada la santuri nyingine, na kona imeanza kufunguka.

Nikaitoa sahani, nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Scum ina nyimbo 28: upande wa kwanza 12, wa pili 16, na ule unaofunga upande wa kwanza unachukua sekunde moja na nukta kadhaa tu. Kwa hiyo unategemea kuona nyimbo zimebanana, na mwishoni kauzi kembamba. Nikahesabu mapengo. Manne. Yaani nyimbo tano, kila mmoja mpana kama kidole gumba. Nilipoweka sindano zikatoka fidla na kwaya ya Kizungu. Nikachemsha maji, nikaishikilia lebo juu ya mvuke hadi ikalegea; chini yake kuna lebo ya bluu ya santuri ya watu wengine kabisa.

Nilimwandikia. Kwanza akasema jua la njiani ndilo limeiharibu. Ni kweli santuri ni plastiki na joto huipinda, ukiiacha nyuma ya kioo cha gari jioni utaikuta kama sinia lililokanyagwa. Lakini joto halibadilishi nyimbo 12 kuwa tano. Nilipombana akaandika: "Mkuu, hizo si kelele tu? Kwani nani atajua tofauti?"

Nimeumia kwa neno hilo kuliko kwa hela. Tofauti tunaijua. Upande wa kwanza wa Scum ulirekodiwa 1986 na upande wa pili 1987, bendi ikiwa imebadilika karibu yote. Mpiga ngoma Mick Harris ndiye pekee aliyepiga pande zote mbili. Ukiusikiliza kwa makini unasikia gitaa limebadilika mkono, sauti imebadilika, ila ngoma ni za mtu yule yule. Huo ni muziki wenye mpangilio, na kuna watu wamejinyima ili waumiliki.

Baada ya hapo amenifungia. Nimekwenda polisi, nimepewa RB, namba ya kumbukumbu ya kesi. Ujumbe wake na namba yake nimevituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na ninyi mkitumiwa ujumbe wa kitapeli fanyeni hivyo hivyo, ni bora kuliko kunyamaza.

Siko peke yangu. Mwenzetu mmoja wa Ujiji aliagiza kwake santuri ya Big Black, ile bendi ya Steve Albini wa Chicago. Akapokea santuri ya mafunzo ya lugha, jalada lake nalo linachuja rangi. Yeye alinyamaza kwa aibu, na mimi nilikuwa karibu kunyamaza hivyo hivyo.

Kwa anayetaka kununua kwa mtu yeyote, usiombe picha ya jalada, jalada linachapishwa popote. Omba picha ya ule ukanda laini unaozunguka lebo, pale mistari inapoishia. Kiwandani huchongwa namba pale, kwa kawaida namba ya toleo lenyewe. Kwa Scum ni MOSH 3. Ile huwezi kuibandika, imeingia ndani ya plastiki. Pembeni ya sahani aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono. Mwenye mali atakupigia picha hiyo ndani ya dakika tano. Atakayeanza kukueleza habari za kamera, mwache.

Sahani niliyotumiwa ninayo, anayetaka kujionea aje Isevya nimwonyeshe ile lebo ya bluu.

Juzi nimetumiwa na rafiki tangazo kutoka kundi lingine. Jina jipya, namba mpya, Scum toleo la kwanza, sasa ni 270,000. Picha ni zile zile nne nilizotumiwa mimi: kona ya juu kulia imekunjwa, na pembeni kinaonekana kipande cha zulia la kijani. Ukiiona picha hiyo popote, usitume hata mia.