Joto chini ya boneti ya gari la turbo: nini ununue kwanza ukiwa Unguja au Pemba

Subaru Forester au Impreza ya turbo ikikwama kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana, mshale wa joto la maji hukaa pale pale katikati. Foleni ikifunguka, ukikanyaga mafuta gari linakuwa zito. Hapo injini haijachemsha. Ni joto la turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi kwenye silinda) na ekzosi limekosa pa kutokea. Chuma cha turbo upande wa moshi kikifanyishwa kazi nzito huweza kupita nyuzi 700 za sentigredi, na kwenye Subaru hizi intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imelala juu ya injini, jirani kabisa na turbo. Gari likitembea, upepo wa tundu la boneti unaipoza. Likisimama, intakula inakuwa sufuria juu ya jiko. Hewa ya moto ikiingia kwenye silinda, kompyuta inachelewesha cheche za plagi ili injini isigonge, na nguvu zinapungua.

Tumeipanga orodha hii kwa hali ya visiwani: upepo wa chumvi, unyevu, na mwendo wa pole. Ndiyo maana bandeji ya ekzosi, utepe wa kitambaa cha joto unaozungushwa kwenye bomba, ambayo wengi huikimbilia mwanzo, hapa iko karibu na mkia.

1. Vile gari lilivyotoka navyo kiwandani

Gari la mtumba limepita mikono mingi, na kila fundi aliyefungua turbo aliona bati la kinga linamzuia spana. Alilitoa, akaliacha. Fungua boneti utazame kama bati la juu ya turbo na lile la daunipaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo) yapo, na kama boliti zake zote zipo. Kisha chungulia chini: plastiki inayofunika tumbo la injini ndiyo inayosaidia upepo upite ndani ya rejeta badala ya kuvurugika huku chini. Mashimo ya barabara za shamba huzing'oa hizi mapema sana.

Halafu tazama kitu kidogo ambacho hakuna anayekitazama: sponji inayozunguka intakula na kugusana na boneti ikifungwa. Ikiwa imeliwa na joto, ukiibonyeza inavunjika unga mweusi vidoleni. Bila hiyo, upepo wa tundu la boneti unapita pembeni, na hewa ya moto ya turbo inapanda kuchukua nafasi yake. Nunua sponji ngumu isiyonyonya maji, unene wa milimita 15 hadi 20, na gundi inayostahimili joto. Ili ujue kama inagusa, paka chaki juu ya sponji, funga boneti, fungua tena: alama ya chaki iwe imezunguka yote bila pengo.

Feni za rejeta nazo zimo kwenye kundi hili. Injini ikiwa imepata moto, washa AC; kwenye Subaru nyingi za aina hii feni zote mbili zinatakiwa kuzunguka. Ikizunguka moja, usinunue kitu kingine chochote kabla ya kutengeneza hiyo. Na rejeta isijazwe maji ya kisima. Maji yetu yanatoka kwenye mawe ya chokaa na huacha ukoko ndani ya vijitundu vyembamba vya rejeta. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Dukani ukiomba "maji ya betri" soma chupa, maana wengine hukupa asidi.

2. Blanketi la turbo

Kwa fedha unayotoa, hakuna kinachoshinda hiki. Ni gwanda lenye sufu ya kauri ndani na kitambaa cha nyuzi za basalti nje, linavalishwa upande wa moshi wa turbo. Moto unabaki ndani ya moshi unakohitajika, kwa kusukuma gurudumu la turbo.

Nunua kwa umbo la turbo yako. Turbo za TD04 na zile za VF, aina mbili zinazofungwa kwenye Subaru, hazilingani, na blanketi linaloitwa la saizi zote huacha mdomo wazi. Chagua lenye wavu wa chuma cha pua upande wa ndani na vishikizo vya kufungwa kwa waya au springi za chuma hicho hicho. Ukilifunga, lifunike konokono ya moshi tu, yaani nyumba ya duara ambamo moshi unapita. Likipanda hadi kiunoni mwa turbo, penye beringi na oili, oili inaungua na kuacha makaa. Mkono wa westigeti (mlango unaopunguza moshi unaoingia kwenye turbo) nao uwe huru. Tazama uone haugusi kitambaa.

Hatari yake moja ni kubwa. Blanketi lililolowa oili linashika moto. Kabla ya kulifunga, safisha bomba la kuleta oili na mpira wa kuirudisha, endesha siku mbili, kisha pitisha kitambaa cheupe. Kikirudi na oili, badilisha pete (washa) za shaba za bomba hilo au mpira kwanza. Siku ya mwanzo litatoa moshi na harufu. Liache gari liungurume dakika 15 uwanjani, boneti wazi.

3. Soksi za nyaya na karatasi ya dhahabu

Rahisi, na kazi unaifanya mwenyewe. Soksi yenye ngozi ya alumini hulinda nyaya na mipira iliyo jirani na turbo. Nunua ya kufungika kwa velkro ili usichomoe plagi. Iache nafasi ya sentimita 2 au 3 kati yake na chuma cha moto. Karatasi ya dhahabu, yaani utepe wa rangi ya dhahabu unaorudisha joto, hubandikwa kwenye mabomba ya hewa baridi, kamwe si kwenye ekzosi.

4. Kupakwa kauri

Kwa daunipaipu ya kisiwani hii ndiyo bora kuliko bandeji, kwa sababu hainyonyi maji na inazuia kutu. Lakini bomba lazima lishushwe, lipigwe mchanga, lipakwe na kuokwa tanurini. Rangi ya kopo inayoitwa ya joto si kitu hiki. Ukiwa huna gari la pili, hesabu siku zitakazopita kipande kikivuka bahari kwenda na kurudi.

5. Bandeji ya ekzosi

Inapunguza joto kweli. Kasoro yake ni kwamba hunywa unyevu na chumvi na kuvikumbatisha kwenye chuma. Gari linalolala Paje au Nungwi likiwa na bomba la chuma cha kawaida lililofungwa bandeji, kutu inakula huku huioni. Ifunge kwenye chuma cha pua tu. Manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka silinda) ya chuma cha kalibu iache, inaweza kupasuka.

Kipimo: bomba la milimita 76 lina mzingo wa karibu sentimita 24. Bandeji ya sentimita 5, kila mzunguko ukilalia uliopita kwa robo, inasonga sentimita 3.8. Mita moja ya bomba inataka mizunguko 27, yaani kama mita 6.5. Nunua roli ya mita 10. Vaa glavu na barakoa.

6. Boneti yenye matundu

Inatoa joto vizuri gari likisimama, na masika inaingiza maji juu ya koili na altaneta. Ukiitaka, iwe na mfereji wa chini wa kupeleka maji pembeni.

Usivinunue

Pete (washa) za kuinua boneti kwa nyuma: chini ya kioo cha mbele upepo unasukuma, kwa hiyo gari likikimbia hewa huingia badala ya kutoka, na likisimama joto na harufu huingia ndani kupitia matundu ya AC. Na fundi akikushauri utoe thamostati, vali inayoyazuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, mkatalie. Kompyuta itadhani injini bado baridi na itamwaga petroli zaidi. Chini ya boneti joto litabaki lile lile.

Kupima mafanikio, usitegemee namba ya joto la hewa kwenye kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake. Kwenye Subaru nyingi hizi kihisio kiko kabla ya turbo, hakijui kinachotokea kwenye intakula. Nunua kipimajoto chenye waya wa aina ya K, funga ncha karibu na intakula bila kugusa chuma, soma baada ya dakika 10 za kuunguruma na AC ikiwa imewashwa, kabla na baada ya kila kifaa. Ile bastola ya kupimia kwa mwanga hudanganywa na chuma kinachong'aa. Bandika kipande cha tepu nyeusi hapo, ndipo uielekeze.