Chaja ipo, nafasi haipo: uzoefu wangu wa kuchaji gari la umeme kwenye majengo ya maduka Nairobi

Naendesha Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, betri ya kilowati-saa 30, yaani uniti 30 kwa hesabu ya tokeni, na naishi kwenye fleti. Mwenye nyumba yake huchomeka gari jioni akaingia ndani kulala. Sisi wa ghorofani tunaegesha chini pasipo na soketi hata moja, na mwenye jengo hataki kusikia habari ya mita nyingine. Kwa hiyo maisha ya gari langu yanategemea chaja za majengo ya maduka. Nimetumia za majengo mawili kwa muda wa kutosha kuzilinganisha. Hapa nayaita la kwanza na la pili tu, kwa sababu ninachopima ni utaratibu, na utaratibu huo huo utaukuta kwingine jijini.

Jengo la kwanza lina mashine bora kuliko la pili. Kuna kebo ya CHAdeMO, ile plagi nene ya magari ya Kijapani, yenye moto wa kilowati 50. Ukiwahi kuichomeka, Leaf inatoka asilimia 20 hadi 80 wakati wewe unanunua vitu vya wiki na kumalizia kikombe cha chai. Unalipa kwa M-Pesa na risiti inaingia kwenye simu. Sijawahi kuikuta mashine yenyewe imekufa. Kama ningekuwa napima mashine peke yake, ningeipa alama zote.

Lakini dereva wa gari la umeme hanunui mashine. Ananunua nafasi ya kusimama mbele yake kwa muda wa kutosha, na hapo ndipo jengo la kwanza linaponiangusha kila mwisho wa wiki.

Chaja zimewekwa hatua chache kutoka mlango mkuu, chini ya paa. Naelewa walivyofikiri: walitaka kila anayeingia aone kwamba hapa kuna teknolojia mpya. Matokeo yake ni kwamba nafasi zinazotamaniwa kuliko zote katika eneo zima la maegesho ndizo walizozitenga kwa magari machache kuliko yote. Mvua ikinyesha Jumamosi, nani atapita nafasi mbili pana, tupu, zilizo mlangoni, aende kuegesha mbali alowe? Kibao kipo, kidogo, juu ya ukuta, kimeandikwa kwa Kiingereza, na gari kubwa likishaingia linakifunika.

Mahali pa kuchomekea kwenye Leaf ni puani, mbele kabisa, chini ya kifuniko kidogo juu ya bampa. Lazima uingie na pua, uisogelee mashine. Prado ikikaa kwenye nafasi moja na pikapu ikakalia mstari wa nafasi ya pili, huwezi kujibana pembeni ukavuta kebo. Ni nzito na fupi, haifiki. Nimeshajaribu kusimama nyuma ya gari la watu, nikaishia kuziba njia na kupigiwa honi.

Kinachouma zaidi ni programu ya simu. Kabla ya kuondoka nyumbani unaifungua, unaona chaja ina rangi ya kijani, imeandikwa inapatikana. Unakwenda. Ukifika unakuta gari la petroli limekaa hapo. Programu haikudanganya kwa makusudi: chaja inajua kitu kimoja tu, kama plagi yake imechomekwa kwenye gari au haijachomekwa. Haina jicho. Gari la petroli likisimama mbele yake siku nzima, mashine itaendelea kutangaza kwamba iko wazi. Wenye mashine wakiangalia ripoti zao za mwezi wataona chaja isiyo na wateja, na hawatajua kwamba wateja walifika wakageuka.

Na kugeuka kuna gharama. Leaf ikishuka sana, namba ya kilomita zilizobaki inapotea, vinabaki vistari tu, na ikizidi hapo inawasha alama ya kobe na kupunguza nguvu. Ukiwa na watoto nyuma, jua linazama, na chaja nyingine iko upande wa pili wa jiji, dakika tano za mtu mwingine zinakuwa jambo zito sana.

Sitamlaumu mlinzi. Nimesimama karibu nikamsikia akisema kwa adabu zote, "Mkubwa, hapa ni pa magari ya stima." Jibu likawa, "Nachukua kitu kimoja tu, niangalizie." Mlango ukafungwa, mtu akaenda. Mlinzi yule ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, si jengo. Mteja mmoja mwenye sauti akilalamika, kesho yake anahamishiwa lindo lingine, labda la usiku, labda mbali na kwake. Wamempa kibao cha kuelekeza na hawakumpa neno la kutegemea. Unamtazama anavyorudi kando na unajua kwamba hata wewe ungerudi.

Kisha kuna wenye haibridi, magari yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Hawa wengi wao hawana ubaya, wanaamini kabisa kwamba wana haki ya hapo. Nissan Note ya e-Power ndiyo naikuta zaidi. Nyuma imeandikwa e-Power, na ni kweli magurudumu yake yanazungushwa na mota ya umeme, lakini umeme huo unazalishwa na injini ya petroli iliyo ndani ya gari lenyewe. Haina tundu la kuchajia popote. Toyota Aqua za kawaida tunazoziona barabarani ni vivyo hivyo, hazichomekwi ukutani. Dereva mmoja aliniambia, "Dada, hata hii yangu ni ya umeme." Nikamwomba anionyeshe pa kuchomeka kebo. Akazunguka gari lake lote, akacheka, akaliondoa. Laiti wote wangekuwa hivyo.

Nilikwenda ofisini kwao. Msimamizi wa maegesho alinisikiliza vizuri, akanijibu kwamba magari ya umeme bado ni machache na hawezi kuacha nafasi nzuri zikae tupu siku za wateja wengi. Jibu hilo nimelitafakari sana na sioni linasimama. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, iliweka bei maalumu ya umeme wa usafiri, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo, ili biashara ya kuchaji iwezekane. Mwenye chaja ananunua kwa bei hiyo na kutuuzia kwa faida. Uniti isiyouzwa haimpi chochote, na mashine ya moto wa kasi ni mali ya pesa nyingi sana kusimama bila kazi kwa sababu mtu ameingia kununua mkate. Na hao wachache wataongezekaje, ikiwa jirani yangu ananiuliza kama gari hili linafaa na mimi nalazimika kumweleza habari za Jumamosi?

Jengo la pili nililifuata kwa sababu ya kuchoka tu. Chaja zao ni za polepole. Gari langu linapokea kilowati 6.6 kwa njia hiyo, kwa hiyo kujaza kutoka chini kunachukua saa nne hadi tano, na lazima ubebe kebo yako mwenyewe kwenye buti. Hata hivyo ndilo ninalolitumia sasa, na ndilo ninalolipendekeza.

Wamezipeleka chaja ghorofa ya chini kabisa, mwisho, karibu na njia ya kutokea. Hakuna dereva wa petroli anayepataka pale. Ukweli huo peke yake umemaliza nusu ya tatizo bila kugombana na mtu. Sakafu yote ya nafasi hizo imepakwa rangi ya kijani, si mstari wa pembeni, kiasi kwamba gari lisilostahili linaonekana kutoka mbali. Na katikati ya kila nafasi kuna chuma cha njano kinachokunjwa, kimefungwa kwa kufuli. Kikiwa kimesimama huwezi kuingia. Ukifika, mlinzi anakuja, anatoa ufunguo unaoning'inia shingoni, anakilaza chini, unapita juu yake.

Mlinzi wa zamu ya mchana pale ni mzee mmoja mpole, tunamwita Mzee tu. Mwanzoni nilidhani kazi yake ni kufungua kufuli. Siku moja nilirudi nikamkuta ameinama mbele ya kioo cha gari la mwenzangu. Leaf ina taa tatu ndogo za buluu juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Ya kwanza ikipepesa, chaji ndiyo inaanza kupanda. Ya pili, iko katikati. Ya tatu, inakaribia kujaa. Zikizimika zote, imemaliza. Hakuna aliyemfundisha, aliziangalia mwenyewe mpaka akazielewa. Sasa zikizimika anampigia simu mwenye gari: "Mama, gari limeshiba, kuna mtu anangoja." Namba zetu ameziandika kwenye daftari la lindo.

Hilo la kungoja nalitaja kwa sababu sisi wenye magari ya umeme nasi tunazibiana. Gari lililojaa likaachwa hapo mpaka filamu iishe halina tofauti yoyote na ile Prado kwa anayehitaji chaji. Jengo la pili linatoza pesa kwa kila saa unayokaa baada ya kujaa, na tozo hiyo imeandikwa ukutani kwa Kiswahili. Naiunga mkono kabisa. Dada yangu anaishi Kent, jimbo la Washington huko Marekani, na sheria ya jimbo lao nayo haibagui aina ya gari: kosa ni kuegesha kwenye nafasi ya chaja bila gari kuunganishwa na mashine, liwe la petroli, liwe la umeme. Faini ni dola 124, na inahusu maegesho ya watu binafsi pia, si ya barabarani tu. Ujerumani nako ukiegesha gari la petroli kwenye nafasi ya magari ya umeme faini ni euro 55, na tangu 2015 magari ya umeme yanaweza kusajiliwa kwa namba inayoishia na herufi E, kwa hiyo askari hahitaji kubishana na mtu kuhusu e-Power. Anasoma namba, basi.

Hapa kwetu maegesho ya jengo la maduka ni mali ya mwenye jengo, kwa hiyo kila kitu kinabaki mikononi mwake. Jengo la pili limetumia mamlaka hayo. Kwenye mashine ya tiketi getini kuna tangazo kwamba atakayekalia nafasi ya chaja bila kuchaji atafungwa gurudumu na kulipa ndipo afunguliwe. Mzee hahitaji kupandisha sauti. Ananyoosha kidole kwenye tangazo, anasema, "Si mimi, ni ofisi," na mtu anaondoa gari. Maneno hayo matatu manne, yenye ofisi nyuma yake, ndiyo yule mlinzi wa jengo la kwanza aliyoyakosa.

Kasoro za jengo la pili zipo. Mtandao wa simu hauingii vizuri kule chini, na chaja inaanzishwa kwa simu, kwa hiyo mara nyingine unapanda ngazi kutafuta mnara huku gari limekaa tu. Wamempa Mzee kadi ya kuanzishia, na akiwepo mambo yanakwenda, lakini wa zamu nyingine hana. Saa ya chakula cha mchana unaweza kusimama mbele ya kufuli ukimngoja mwenye ufunguo. Mwanga ni hafifu, na mwanamke akiwa peke yake jioni hatapapenda. Wangeongeza taa mbili tu pale kona ya mwisho, ingetosha.

Ukiwa na safari na huwezi kukaa saa nne, nenda jengo la kwanza siku ya kazi, asubuhi kabla ya saa nne, utaipata nafasi na utaondoka haraka. Mwisho wa wiki usijaribu ukiwa chini ya asilimia 30, hata programu ikuonyeshe kijani. Kwa chaji ya kawaida ya kila wiki, jengo la pili, bila kusita.

Kubwa lililobaki ni usiku. Duka kuu likifungwa Mzee anaondoka na ufunguo, vyuma vinabaki vimesimama mpaka asubuhi, na saa hizo ndizo umeme ni nafuu na gari langu halina safari. Nimewaandikia nikiomba ufunguo wa pili ubaki kwa mlinzi wa geti. Wamesema wanazungumza na kampuni ya ulinzi, na wakikubali nitahamishia chaji yangu yote huko, pamoja na wenzangu wawili wa fleti hii wanaongoja jibu hilo hilo.