Uzoefu wangu: Karura kwa baiskeli, watu wawili, mwendo wa polepole

Kwa wawili wanaotaka kuendesha baiskeli wikendi bila kugombea barabara na matatu, Msitu wa Karura ndio ninaopendekeza kwanza hapa Nairobi. Una takriban hekta 1,041, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na miti hiyo ipo hadi leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa langoni mwaka 1999 wakizuia usigawiwe watu binafsi. Mimi na mwenzangu tunautumia kwa jambo moja: kuendesha taratibu kivulini, kufika mtoni, kupumzika, kurudi. Kwa hilo naupa alama nne na nusu kati ya tano.

Hiyo nusu nimeipunguza kwa sababu ya mto wenyewe. Anayetarajia kuwa kando ya maji mwendo wote atasikitika. Njia inaukaribia Mto Karura sehemu kadhaa, kisha inapanda tena ndani ya miti. Maji nayo si ya kunywa wala ya kunawa, maana mto unapita kwenye makazi ya watu kabla ya kuingia msituni.

Jambo linalowachosha wengi ni mpangilio wa safari. Mto uko bondeni, kwa hiyo kuelekea maporomokoni ni mteremko mtamu, na kila mita uliyoshuka utailipa kwa miguu wakati wa kurudi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka Mombasa jana atahema mapema. Basi mto usiuweke mwisho. Kama mmeingia kwa lango la Limuru Road, pasheni miguu moto kwanza kwenye njia pana kwa dakika ishirini hivi, shukeni maporomokoni mkiwa bado na nguvu, kaeni hapo, pandeni, halafu mmalizie kwa njia tulivu. Karibu na maporomoko na mapango ya Mau Mau baiskeli inaachwa juu, mnashuka kwa miguu. Bebeni kufuli moja refu linalopita kwenye fremu zote mbili.

Kivuli hakilingani kila mahali. Chini ya mikalitusi jua linapenya kwa urahisi, majani yake ni membamba na yananing'inia. Kivuli kizito kiko kwenye miti ya asili, mihugu na mikinduri. Huko kuna baridi nzuri hata saa sita mchana, ila angalieni chini: matunda makavu ya mkinduri ni magumu na ya mviringo, na yakijaa njiani tairi inateleza juu yake kama iko kwenye gololi. Usikate kona wala kubana breki ya mbele juu yake. Nyoosha usukani, acha baiskeli ipite.

Baiskeli za kukodi zinapatikana langoni, na ya kwako pia unaweza kuja nayo. Za kukodi, popote pale, mimi siondoki nazo kabla ya kukagua vitu vitatu.

Kwanza tandiko. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka. Ukihamishia pedali chini ya sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo kidogo, na hapo ndipo sahihi. Tandiko likiwa chini mno, magoti yanauma kwenye mpando wa kwanza, na mtu huanza kudhani hana mazoezi kumbe ni sentimita tano tu za bomba la tandiko. Hili ndilo linaloharibu siku ya mmoja wenu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu baiskeli mbili zilizosimama pamoja aghalabu zimepimwa kwa mtu mmoja.

Pili breki. Bana ya mbele huku ukiisukuma baiskeli, igome kabisa. Mkono wa breki ukifika hadi kwenye usukani, ama waya umelegea ama raba zimeisha. Waya uliolegea unarekebishika palepale: pale unapoingia kwenye mkono wa breki kuna kirungu kidogo, kizungushe kinyume cha saa hadi waya ukazike. Raba zilizoisha hazirekebishiki, omba baiskeli nyingine.

Tatu hewa. Kwa tairi la upana wa inchi 2.1 lenye tyubu, mtu wa kilo 60 anatosheka na psi (kipimo cha presha kwenye pampu) 28 hadi 30, wa kilo 85 aweke 33 hadi 36. Ikizidi, baiskeli inarukaruka kwenye mizizi. Ikipungua, mzizi unaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo, usitafute mwiba, ongeza hewa baada ya kuziba. Soma pia ubavuni mwa tairi: mmoja akipewa gurudumu la inchi 26 na mwingine 29, mnahitaji tyubu mbili tofauti. Vali nazo ni za aina mbili, nene kama ya gari na nyembamba, na pampu iwe ya kuingia zote.

Kwenye mpando badili gia kabla mguu haujaanza kulemewa. Ukibadili huku unakandamiza pedali kwa nguvu, mnyororo unaruka au unakatika. Mwenye mwendo mdogo atangulie, daima. Akikaa nyuma atajilazimisha, na wa mbele hatajua. Kwenye makutano kuna vigingi vyenye namba. Pigeni picha ya ramani langoni na mkubaliane kusubiriana kwenye kila kigingi. Watembea kwa miguu wana haki ya njia, kwa hiyo kengele mapema na mwendo chini.

Nendeni saa moja asubuhi. Jumapili ikifika saa nne, njia pana zimejaa wakimbiaji, watoto na mbwa. Malipo ni kwa simu, si taslimu, na kitambulisho kinahitajika kwa sababu raia na mgeni hawatozwi sawa. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi tangu Juni 2020, hivyo kila mmoja abebe lita moja kwenye chupa ya kudumu. Chakula kikae kwenye mkoba wenye zipu. Kima wa Karura hawaogopi watu na ndizi iliyo wazi haiwezi kudumu.

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, subirini siku mbili baada ya mvua kubwa. Udongo mwekundu ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma, na michirizi mnayoacha inageuka mifereji. Kama lazima mwende, baki kwenye barabara za murram. Nyumbani, acha tope likauke, lipige brashi, futa mnyororo, weka tone moja la oili kwa kila kiungo, zungusha pedali nyuma mara kadhaa, kisha pangusa oili iliyobaki juu, maana hiyo ndiyo inayonasa mchanga.