Duka la dawa Mwanjelwa: wanauliza kabla ya kuuza

Huu ni mwaka wa pili nanunua dawa hapa, duka dogo upande wa juu wa soko la Mwanjelwa, Mbeya. Foleni ya jioni inachosha, bima hawapokei, benchi ni moja. Hata hivyo napanda daladala kutoka Uyole, napita maduka mengine yote, naenda kwao.

Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Mwaka juzi alipata UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na duka jingine likanipa nitrofurantoini bila swali hata moja. Siku ya tatu mkojo ulikuwa mweusi kama Coca-Cola, macho ya njano, mtoto hawezi kusimama. Aliongezewa damu. Miezi mitatu baadaye kipimo kikaonyesha ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, dawa fulani huzipasua chembe hizo.

Mwezi uliopita UTI ilirudi. Mfamasia, kijana mdogo tu, akasoma cheti. "Shikamoo mama. Kuna dawa iliwahi kumkataa mtoto?" Nikampa kadi yake ya G6PD. Akairudisha kabatini dawa iliyoandikwa, akampigia daktari palepale, tukaondoka na dawa nyingine, sefaleksini.

Kisha akauliza asili yetu. Nikamwambia kwetu ni Kyela. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: hali hii imeenea zaidi kule malaria ilikokaa vizazi na vizazi, kwa kuwa humpa mwenye nayo kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Jeni yake, yaani kinachorithisha hali hii, iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya zile zinazoamua jinsia. Mvulana ana X moja, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kufidia. Msichana anazo mbili.

Yaani imepitia kwangu. Nikanyamaza pale kaunta, machozi yakanilenga. Akasema taratibu, "Ni damu ya kwenu, mama. Hukukosea kitu."

Akaandika kwenye karatasi, akaibandika nyuma ya kadi: nitrofurantoini, dapsoni, primakwini, asipewe yoyote kabla daktari hajaijua hali yake. Watu walikuwa wamejaa nyuma yangu, hakunikimbiza. Wala hakunidai hata shilingi kwa maelezo hayo.

Mwisho akaniuliza kama nina kaka wa tumbo moja. Ninao wawili. Wa Matema nimeshampigia. Jumamosi anapanda gari la asubuhi kuja kupima.